Barua ya Wazi kwa Magavana na Waziri wa Afya: Kuhusu Ambulensi, Magari ya Maiti na Anayekaa Nyuma na Mgonjwa

Kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti zote 47,
na kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi mstaafu wa pwani ya kusini. Nilihudumu katika zahanati na vituo vya afya kwa miaka 31, na jambo ninalowaandikia nimelibeba kifuani tangu usiku mmoja wa mwaka 1998, ingawa ni baada ya kustaafu tu, nilipopata nafasi ya kusoma, ndipo nilipopata maneno ya kulisemea.

Usiku huo mgema mmoja alianguka kutoka mnazini. Jamaa zake walimleta zahanati wamemlaza juu ya mlango waliong'oa nyumbani. Alikuwa na fahamu, anazungumza, miguu ikimfa ganzi lakini vidole bado vikitikisika nilipomwambia avitikise. Gari la kumpeleka hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko cha Likoni halikuwapo. Lililopatikana, baada ya vijana kuzunguka kijiji kizima wakigonga milango, lilikuwa pikapu ya fundi wa majeneza, ambaye aliamka bila kunung'unika akaliwasha. Nilipanda nyuma na mgonjwa. Sakafu ilikuwa na vumbi la mbao na misumari miwili mitatu. Niliifagia kwa kiganja, nikakunja leso mbili nikamkingia shingo huku na huku, na safari nzima hadi kivukoni, barabara ikiwa mashimo matupu, nilishika kichwa chake kwa mikono miwili nikimsemesha ili asilale. Tulipofika hospitalini vidole havikutikisika tena. Aliishi, ila hakutembea tena, na kwa miaka yote hii nimejiuliza kama uti wake wa mgongo ulikatwa na mnazi au ulikatwa na sisi tuliomnyanyua, tukampandisha na kumteremsha bila ubao, bila kola ya shingo na bila kujua.

Simlaumu fundi wa majeneza. Kama si yeye, mgema angekufa juu ya ule mlango. Lakini nilipoanza kusoma historia ya huduma hii nilishtuka kukuta kwamba Marekani, nchi ambayo sisi huiona kama ilizaliwa na ving'ora na helikopta, ilisafirisha wagonjwa wake kwa zaidi ya nusu karne ndani ya pikapu ya fundi wa majeneza. Nimeona historia hiyo inawahusu ninyi moja kwa moja, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba yetu ya 2010 limeziweka huduma za ambulensi chini ya kaunti, na mistari michache tu chini yake, katika orodha ileile ya huduma za afya, limeziweka pia nyumba za mazishi na makaburi. Mambo haya mawili yamo mikononi mwa mtu mmoja, gavana, na nchi iliyotutangulia kuyachanganya imeacha somo ambalo tungelipata bila kulilipia kwa roho za watu wetu.

Marekani haikukosa ambulensi tangu mwanzo. Hospitali moja ya Cincinnati ilikuwa na gari lake la farasi mwaka 1865, na hospitali ya Bellevue ya New York ikaanzisha huduma yake mwaka 1869, ikiwa na daktari anayeandamana na gari. Lakini hizo zilikuwa huduma za miji mikubwa. Katika miji midogo na mashambani aliyekuwa na chombo kirefu cha kutosha kumlaza mtu kifudifudi au chali alikuwa mwenye nyumba ya mazishi. Alikuwa pia na simu inayojibiwa usiku, kwa kuwa kifo hakichagui saa, na kijana anayelala ghorofani akisubiri simu hiyo. Wengi wao walikuwa wametoka katika useremala, wakianza kwa kuunda samani na majeneza, kisha wakaingia katika kuandaa maziko yenyewe. Watu waliwaita kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuitwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipowachukua madaktari na wahudumu wa hospitali, hata baadhi ya miji iliyokuwa na ambulensi za hospitali iliiacha kazi hiyo kwa polisi, wazima moto na nyumba za mazishi.

Viwanda navyo vikaitikia. Kampuni kama Henney ya Freeport, Illinois, Superior ya Lima, Ohio, na Miller-Meteor ziliunda magari ya kazi mbili, mengi yake juu ya fremu za magari ya Packard na Cadillac. Asubuhi gari lilibeba jeneza, jioni likabeba majeruhi. Vigurudumu vya kutelezeshea jeneza viligeuzwa kichwa chini ili sakafu iwe sawa kwa machela, kiti kidogo kikafunguliwa ubavuni, na taa nyekundu ikabandikwa paani. Baada ya safari taa iling'olewa, pazia likarudishwa dirishani, gari likawa tena la maziko. Lilikuwa gari zuri sana, laini barabarani, na ndani yake haikuwezekana kumtibu mtu. Paa lilikuwa chini mno kwa mhudumu kupiga magoti akakandamiza kifua cha mgonjwa kama inavyotakiwa. Mara nyingi hapakuwa na mhudumu mwenyewe: dereva alikuwa peke yake, mbele, na mgonjwa alikuwa peke yake, nyuma.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini. Nyumba ya mazishi ilitoa huduma hiyo kwa bei ndogo au bila malipo kabisa, na mara nyingi familia ikishindwa kulipa deni lilisamehewa kimyakimya. Ulikuwa wema wa kweli. Ulikuwa pia biashara, kwa maana familia iliyobebewa mgonjwa wake kwa heshima ilitarajiwa kurudi kwa mtu yuleyule siku ya msiba, na penye nyumba mbili za mazishi katika mji mmoja magari yao yaliweza kukimbizana hadi mahali pa ajali. Mimi siamini kwamba watu wale walitamani mgonjwa afe njiani. Ninaloliona ni baya kwa namna nyingine: hakuna fedha yoyote katika mpango ule iliyofungamanishwa na mgonjwa kufika akiwa hai. Aliyelipia mafuta ya safari ya hospitali ni maziko ya kesho. Na katika majimbo ya kusini yaliyotenganisha watu kwa rangi, mtu mweusi aliyejeruhiwa alitegemea nyumba ya mazishi ya watu weusi wenzake, kwa kuwa gari la weupe lingeweza kumwacha barabarani.

Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyouita ulemavu na vifo vya ajali ugonjwa uliopuuzwa. Ilieleza kuwa mwaka 1965 pekee ajali ziliua watu 107,000 na kuwaachia wengine 400,000 ulemavu wa kudumu. Ilieleza kuwa takriban nusu ya huduma zote za ambulensi nchini humo ziliendeshwa na wenye nyumba za mazishi wapatao 12,000, na sababu kuu iliyotolewa ni kwamba magari yao yaliweza kubeba machela. Hiyo ndiyo sifa iliyotosha kumkabidhi mtu maisha ya taifa, urefu wa gari. Ripoti hiyohiyo ilinukuu wataalamu waliorudi kutoka Korea na Vietnam wakisema kwamba kama wangejeruhiwa vibaya, wangekuwa na matumaini zaidi ya kupona kwenye uwanja wa vita kuliko katika barabara ya kawaida ya mji wa nyumbani kwao.

Tarehe 9 Septemba mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa barabara, na kutokana nayo majimbo yakatakiwa kuweka viwango vya huduma ya dharura au yahatarishe sehemu ya fedha zao za barabara. Mwaka huohuo sheria ya kima cha chini cha mshahara ilipanuliwa ikagusa biashara nyingi ambazo awali hazikuguswa, na yule kijana wa ghorofani akawa mfanyakazi mwenye saa za kuhesabiwa. Yakafuata masharti ya mafunzo, vifaa na bima. Wenye nyumba za mazishi walipiga hesabu wakaona haziingiani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kuziandikia serikali za wilaya zao kwamba ifikapo tarehe fulani hawatajibu tena simu za wagonjwa, na wilaya nyingi, ambazo kwa miaka 50 hazikuwahi kutenga hata dola moja kwa kazi hiyo, zikajikuta zina wiki chache za kutafuta gari, dereva na mtu wa kukaa nyuma. Kwingine wazima moto waliibeba kazi, kwingine hospitali, kwingine walimu na wakulima wakajifunza huduma ya kwanza wakaendesha kwa kujitolea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 gari la kazi mbili lilikuwa karibu limetoweka.

Waheshimiwa, nawaomba mlione kosa lililofanyika katika tukio hilo jema. Masharti yalikuwa sahihi. Lakini katika wilaya hizo yalifika kabla ya fedha. Aliyekuwa akibeba mzigo aliambiwa aubebe vizuri zaidi, kwa gharama kubwa zaidi, na hakuna aliyeulizwa ni nani atakayemlipa. Sheria ya kitaifa ya kujenga mifumo ya huduma ya dharura, yenye ruzuku ndani yake, ilipitishwa mwaka 1973.

Kuna mji mmoja ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na nautaja kwa makusudi. Mjini Pittsburgh kazi ya kubeba wagonjwa ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya polisi, kwa magari yaleyale ya kubebea wahalifu. Tarehe 4 Novemba 1966 David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa mji huo na kisha gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka jukwaani akihutubia mkutano wa kampeni, akapelekwa hospitali kwa gari la polisi. Moyo wake ulirejeshwa, ubongo haukurejea, na tarehe 21 mwezi huohuo akafariki. Alikuwa amewahi kuketi kwenye kiti kama chenu, na siku alipohitaji pumzi cheo hakikumletea mtu aliyefunzwa. Miongoni mwa waliomhudumia hospitalini alikuwa Dkt. Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, mmoja wa waasisi wa njia ya kufufua pumzi na mapigo ya moyo ambayo sisi wauguzi tunafundishwa hadi leo. Mwaka huohuo Safar alikuwa amempoteza binti yake mdogo kwa shambulio la pumu.

Safar, pamoja na Philip Hallen wa mfuko wa hisani wa Maurice Falk, walishirikiana na shirika la watu weusi la Freedom House katika kitongoji cha Hill District, na mwaka 1967 wakaanza kuwafunza wanaume ambao mji ulikuwa umewahesabu kuwa hawaajiriki. Baadhi walikuwa wametoka vitani Vietnam, wengine hawakumaliza shule, wengine waliwahi kufungwa. Walifunzwa kwa takriban saa 300, wakafanya mazoezi katika vyumba vya upasuaji na vya kuzalia, na katika mwaka wao wa kwanza wa kazi walibeba wagonjwa zaidi ya 4,600. Safar alichora gari lenye paa la juu, ili mhudumu aweze kukaa kichwani pa mgonjwa akamsaidia kupumua. Watu hao walikuwa miongoni mwa wahudumu wa kwanza kabisa wa dharura waliofunzwa kikamilifu katika nchi hiyo, na ilitokea polisi wenyewe wakawaita.

Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake rasmi na Freedom House ikafungwa. Walioianzisha kazi waliwekewa mitihani mipya, wengi waliachwa au wakawekwa chini ya watu ambao hawakuwa na ujuzi wao, na mmoja baada ya mwingine wakaondoka. Kila nikisoma sehemu hiyo huona haya, kana kwamba nilikuwapo.

Daktari aliyewasimamia mwishoni, Nancy Caroline, ndiye aliyeandika mtaala wa kitaifa wa Marekani wa wahudumu wa dharura, akiutoa katika kazi ya watu hao. Na katika miaka ya 1980 Dkt. Caroline alihamia Nairobi, akafanya kazi na AMREF, shirika la madaktari wetu wa ndege. Ujuzi uliozaliwa Hill District ulikanyaga udongo wetu miaka 40 iliyopita.

Alama yake mnayo hata sasa. Ile nyota ya buluu yenye ncha sita, yenye fimbo na nyoka katikati, iliyobandikwa ubavuni mwa ambulensi nyingi za kaunti, ilibuniwa na serikali ya Marekani katika miaka ya 1970, wakati kazi ilipokuwa ikitoka mikononi mwa nyumba za mazishi. Ncha zake kila moja ina maana: kugundua, kutoa taarifa, kuitikia, kuhudumia palepale, kuhudumia njiani, na kumkabidhi mgonjwa kwenye tiba kamili. Hakuna ncha ya gari. Sisi tumenunua magari, tukayabandika nyota, tukayakata utepe mbele ya kamera, na usiku mengi yanatoka na dereva peke yake, au na ndugu wa mgonjwa aliyekaa nyuma akishika chupa ya maji ya mshipa juu kwa mkono wake.

Nimeona zaidi ya hayo. Katika kituo kimoja nilichohudumu, ambulensi pekee tuliyokuwa nayo ilitumwa bara kwa siku mbili kupeleka mwili wa mtu aliyekuwa mashuhuri, kwa amri ya mkubwa mmoja, huku mama mwenye kifafa cha mimba akilala barazani akisubiri gari. Tulimpeleka kwa tuktuk. Mimi nililelewa kwamba kumsitiri maiti ni faradhi juu ya walio hai, na ninaamini hivyo mpaka leo, lakini maiti hasubiri oksijeni. Kama kaunti ina gari moja, gari hilo ni la yule mama.

Ninachoomba kinatokana na historia niliyoieleza. Kwanza naomba kila gavana atoe amri ya maandishi kwamba ambulensi ya kaunti haitabeba maiti kwa sababu yoyote, na kwamba gari la maiti linunuliwe au likodishwe peke yake, liwe na dereva wake na bajeti yake, ili mtu wa zamu usiku asilazimike kumkatalia mkubwa kwa mdomo mtupu. Pamoja na hilo, ambulensi isiondoke kituoni bila mtu aliyefunzwa kuketi nyuma, hata kama ina maana ya kununua magari machache na kuajiri watu wengi. Sheria ya Afya ya 2017 imeshasema kwamba matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitali, na Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu hayo. Kumlaza mtu kwenye gari lenye nyota na kumwacha peke yake nyuma ni kumnyima.

Kwako Mheshimiwa Waziri, ombi langu ni la fedha. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi. Mfuko huo ulipe safari ya mgonjwa kwa viwango vinavyojulikana na kwa wakati, awe amebebwa na kaunti, na shirika la kujitolea au na mtu binafsi mwenye leseni, na malipo hayo yaanze kabla ya masharti mapya kubana. Mkiyatanguliza masharti, wale wachache wanaobeba wagonjwa wetu leo watafunga milango kama walivyofunga wale 12,000, na hatuna wazima moto katika kila mji wa kuwapokea.

Na mtakapojenga huduma kamili, msiwatupe waliobeba mzigo kabla yenu. Kila wadi ina dereva wa tuktuk au bodaboda anayejulikana kwa kupeleka wajawazito usiku, ana mkunga anayemwita, ana mhudumu wa afya ya jamii anayempa namba za nyumba. Hao wafunzwe, wapewe vyeti, waajiriwe katika huduma hiyo. Vijana wa Hill District walihesabiwa kuwa hawafai hadi pale mtu alipowafunza, kisha wakahesabiwa tena kuwa hawafai baada ya kuwa mabingwa. Litakuwa jambo la kusikitisha mno tukianza kazi yetu kwa kuiga kosa hilo la pili.

Kabla ya kusomwa kwa bajeti ijayo, naomba kila kaunti itangaze idadi moja tu hadharani: ni ambulensi ngapi zilizokuwa na mhudumu aliyefunzwa nyuma katika kila usiku wa mwezi uliopita. Nitasoma idadi ya kaunti yangu, na nitaiandikia tena.

Yule mgema yu hai. Hushona nyavu barazani kwake, na wavuvi humletea kazi kutoka mbali. Nilipomwambia kwamba nawaandikia ninyi barua hii aliniomba jambo moja tu, kwamba niandike kuwa fundi wa majeneza hakuchukua nauli usiku ule, wala hakukubali kulipwa petroli. Nimeliandika.

Wenu katika utumishi,
Muuguzi mstaafu,
Kaunti ya Kwale